Sevo Ikichoka

Kabla ya kuwasha chochote, mrushaji mzoefu wa ndege za rimoti hushika ukingo wa kibao cha bawa kwa vidole viwili na kukitikisa taratibu, juu na chini. Anasikiliza kwa vidole. Kibao kikikaza papo hapo, anahamia kingine bila neno. Kikicheza kabla ya kukaza, hata kwa unene wa kucha, anakunja uso, maana amekwisha kujua kwamba leo atashika bisibisi badala ya rimoti.

Kinachoshikilia kibao hicho ni sevo: kijisanduku cha plastiki chenye mkono mdogo juu yake, kijiti cha waya kinachotoka kwenye mkono kwenda kwenye kibao, na nyaya tatu zinazorudi kwenye risiva, kipokezi cha ishara za rimoti. Katika ndege ndogo ya povu gumu, sevo moja ina uzito wa gramu 9, kama vijiko viwili vya chai vya sukari. Ndege ya kawaida ina nne: mbili za eleroni kwenye mabawa, moja ya eleveta inayoinua na kushusha pua, na moja ya usukani wa mkia. Zikiwa nzima hakuna anayezikumbuka.

Sevo iliyokufa kabisa haina madhara makubwa. Ndege inawashwa, mkono hausogei, safari inaahirishwa. Inayoangusha ndege ni ile iliyochoka: inajibu vizuri chini, inatii rimoti mbele ya macho ya wote, kisha inakwama au kuteleza meno ndege ikiwa juu na upepo ukisukuma kibao kwa nguvu ambayo kidole hakikuijaribu. Kwa hiyo swali la lini sevo ibadilishwe ni gumu kuliko la namna ya kuibadilisha. Na gumu zaidi ni swali ambalo wengi huliruka: kilichoichosha ni nini?

Ndani ya kijisanduku mna vitu vinne: mota ndogo, safu ya gia, bodi ya saketi na potenshiomita. Risiva hutuma mpigo mfupi wa umeme kila baada ya milisekunde 20. Mpigo wa milisekunde 1.5 maana yake ni "kaa katikati". Ukipungua kuelekea 1, mkono huenda upande mmoja. Ukiongezeka kuelekea 2, huenda upande wa pili. Potenshiomita huiambia bodi mkono uko wapi kwa sasa, bodi hulinganisha taarifa hiyo na agizo, na mota huzunguka mpaka viwili vilingane. Mazungumzo hayo hurudiwa mara 50 kwa sekunde, na katika sevo za kidijitali mota husukumwa mara nyingi zaidi ya hapo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan, waliporusha ndege yao ya redio iliyoitwa Big Guff mwaka 1937, nguvu ya kusogeza vibao ilitoka kwenye mpira uliosokotwa, uliokuwa ukifunguka hatua moja kila ishara ya redio ilipofika. Ndege hiyo sasa iko katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Mpira ule ulichoka kwa namna ambayo mtoto yeyote angeielewa: ulilegea, ukakatika. Sevo ya leo huchoka kwa njia nyingi, na kila njia ina dalili yake.

Ya kwanza iko kwenye potenshiomita. Kifaa hiki ni ndugu wa kile kitufe cha sauti cha redio za zamani, ile redio ya babu iliyokuwa ikikwaruza kila mtu alipoongeza sauti, mpaka akakizungusha kitufe huku na huko ndipo ikatulia. Ndani ya vyote viwili kuna ncha ya chuma inayoteleza juu ya utepe wa kaboni, na utepe hulika pale ncha inapopita mara nyingi. Kwenye redio huwa ni pale familia inapopenda sauti iwe. Kwenye ndege ni katikati, kwa sababu ndege inayokwenda sawasawa hushinda na vibao vyake katikati, ikisahihisha kidogo kushoto, kidogo kulia. Mtetemo wa injini huongeza kazi: hata mkono usiposogea, ncha husugua palepale. Dalili yake ni sevo inayotetemeka ikiwa imeachwa peke yake, kisha ikatulia mkono ukisukumwa pembeni. Kuna wanaopuliza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na kupata nafuu ya siku kadhaa. Nafuu hiyo haifai kuaminiwa hewani. Kaboni iliyolika hairudishwi na dawa.

Tena, wingi wa kazi si wa marubani peke yao. Vifaa vya kusawazisha ndege, vinavyotumia jairo na kompyuta ndogo, huisogeza sevo bila kukoma, na uchakavu wa misimu kadhaa huja haraka. Mmarekani Maynard Hill aliyajua hayo kuliko wengi. Tarehe 9 Agosti 2003 ndege yake ya mti wa balsa, yenye uzito usiofika kilo 5, iliruka kutoka Cape Spear, Newfoundland, na kutua Ireland tarehe 11, baada ya takriban saa 39 na kilomita 3,000 na ushei juu ya Atlantiki, ikijiongoza kwa GPS karibu njia nzima. Hill alikuwa na umri wa miaka 77 na macho yake yalikuwa karibu yamezimika. Ndege zake zilizotangulia kujaribu safari hiyo zilipotea. Mtu anayebadilisha sevo ya ndege ya Jumamosi afikirie saa 39 za masahihisho madogo madogo, mamia kwa maelfu, juu ya maji yasiyo na mahali pa kutua.

Njia ya pili ya kuchoka ni gia, na hapa lawama nyingi huenda kwa ajali isiyohusika. Ni kweli, ndege ikijikita ardhini meno ya nailoni hukatika. Lakini meno mengi hukatikia ndani ya gari: bawa limelazwa kwenye kiti cha nyuma, mkoba umewekwa juu ya eleroni, dereva amepita tuta. Nguvu ya kibao hurudi nyuma kupitia kijiti mpaka kwenye gia, na jino moja au mawili hupotea bila mtu kusikia kitu. Sevo hiyo ikizungushwa polepole hupita vizuri sehemu zote isipokuwa moja, ambapo hukwaruza na kuruka. Kwa hiyo kipimo cha haraka ni kupeleka mkono kutoka mwisho hadi mwisho kwa mwendo wa kinyonga. Kuupeleka kwa kasi huficha pengo.

Watu wengi huona suluhisho ni gia za chuma. Wana haki nusu. Chuma hakikatiki kirahisi, lakini meno yake husagana na kuacha nafasi, na baada ya misimu michache sevo ya chuma inaweza kucheza zaidi ya ile ya nailoni ambayo bado haijavunjika. Halafu kuna jambo la fyuzi. Gia ya nailoni ikikatika, imeokoa kitu kingine. Gia ya chuma ikikataa kukatika, pigo huendelea kutafuta palipo dhaifu: masikio ya kijisanduku, pembe ya kibao, bawaba, au ubao wenyewe ambamo sevo imefungwa. Kwa ndege ya kujifunzia inayotua kwa kishindo kila wiki, nailoni na seti ya gia za akiba mfukoni ni busara kuliko chuma. Kwa ndege kubwa yenye injini ya petroli, hesabu hugeuka.

Kucheza huko si kero ya macho tu. Kibao chenye ulegevu kikifika kasi fulani huanza kupapatika, juu chini juu chini, kwa haraka ambayo jicho huona ukungu tu na sikio husikia mvumo. Mpapatiko hujilisha wenyewe kwa upepo. Ndani ya sekunde chache unaweza kung'oa bawaba, kumaliza gia zilizobaki, au kuliondoa bawa. Ndiyo maana ule unene wa kucha hukunjisha uso.

Mota nayo huungua, na mara nyingi si kosa lake. Kijiti kilichopinda kidogo kikasugua mwilini, bawaba iliyoingiliwa na gundi, mwendo uliopangwa mrefu kuliko kibao kinavyoweza kwenda: katika hali zote hizo sevo husukuma ukuta, haifiki ilipoagizwa, na huendelea kuvuta umeme wa kukwama. Ukiishika baada ya kutua ni moto. Sevo inayonguruma kwa sauti nyembamba ndege ikiwa imetulia juu ya meza inalalamika kuhusu kitu kilicho nje yake. Fundi akiitoa na kuweka mpya bila kuchomoa kijiti na kukichezesha kibao kwa mkono, anaandaa maiti ya pili.

Nyaya, bodi na plagi hazihitaji maneno mengi. Waya hukatika pale unapoingia kwenye kijisanduku, kwa kupindwa mara nyingi. Bodi huungua kwa volti nyingi: betri ya lithiamu ya seli mbili ikijaa hufika volti 8.4, wakati sevo nyingi za kawaida zimeundwa kwa 4.8 hadi 6. Zipo zinazostahimili volti hizo za juu, na huandikwa hivyo. Kwenye ndege zilizokaa miaka na betri za nikeli, waya hasi huota kutu nyeusi ndani ya ganda lake, na hapo sevo husingiziwa. Kabla ya kuhukumu, ichomekwe kwenye njia nyingine ya risiva au kwenye kipima sevo cha bei ndogo. Ugonjwa ukitoweka, mgonjwa ni risiva au waya.

Sasa, kutengeneza au kununua? Kwa sevo ndogo ya gramu 9 jibu halina ubishi: inunuliwe mpya. Aina ya SG90 hupatikana hata pale ambapo hakuna duka la ndege za kuchezea, kwa sababu wanafunzi wa uhandisi huitumia kwenye roboti zao. Mtu wa Nairobi huikuta katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, kwenye droo moja na taa ndogo na risista. Kwa sevo kubwa za bei, kampuni kama Futaba na Hitec huuza seti za gia peke yake, na kubadilisha gia ni kazi ya nusu saa: skrubu nne ndefu, kifuniko kinainuliwa polepole, picha inapigwa kwa simu kabla ya kugusa chochote, meno ya zamani yanatolewa, vipande vinatafutwa mpaka cha mwisho, grisi kidogo, kifuniko kinarudi. Kipande kimoja cha jino kilichosahaulika ndani kitasaga seti mpya siku ya kwanza. Lakini potenshiomita ikiwa imelika au mota imechoka, gia mpya ni sawa na kumvisha mgonjwa shati jipya.

Ununuzi una mitego. Nguvu ya sevo huandikwa kwa kilo kwa sentimita: yenye kilo 3.2, kama Futaba S3003 ya kawaida kwa volti 4.8, inaweza kuinua kilo 3.2 kwenye mkono wa sentimita 1, na nusu ya hapo mkono ukiwa wa sentimita 2. Anayeng'ang'ania mwendo mkubwa wa kibao kwa kuweka kijiti kwenye tundu la nje kabisa la mkono anajipunguzia nguvu na kuzidisha kila ulegevu uliomo ndani. Tundu la ndani kwenye sevo na la nje kwenye pembe ya kibao huipa sevo pumziko. Mara nyingi sababu ya kifo cha sevo ya zamani iko hapohapo, kwenye uchaguzi wa tundu.

Mtego mwingine ni uzito. Tuseme mtu amechoshwa na gia za nailoni mkiani, akaondoa SG90 mbili za gramu 9 na kuweka MG90S mbili za gia za chuma, zenye gramu 13.4 kila moja. Ameongeza gramu 8.8 tu. Lakini mkia uko mbali na kitovu cha uzito, pengine mara tatu ya umbali wa pua, kwa hiyo pua inadai risasi ya gramu 26 ili mizani irudi. Kwa ndege ya nusu kilo hiyo ni karibu asilimia 5 ya uzito wake, iliyobebwa kila safari bila kufanya kazi yoyote. Mizani ya jikoni ya kidijitali huonyesha hayo mapema, na ina faida nyingine: nakala za bandia ni nyingi, na sevo inayodai gia za chuma kisha ikapima gramu 9 imejieleza yenyewe.

Kazi ya kuitoa ya zamani hutegemea ilivyofungwa. Kwenye ndege za balsa, sevo hukaa kwenye vijiti viwili kwa skrubu nne zinazopita kwenye vipete vya mpira, na ndani ya kila kipete kuna kibomba cha shaba. Ukingo mpana wa kibomba huenda chini, upande wa mbao. Ukigeuzwa, skrubu huukandamiza mpira mpaka ukawa mgumu kama jiwe, na mtetemo wa injini unapita moja kwa moja hadi kwenye ule utepe wa kaboni. Wengi wameua sevo kwa kugeuza vipande hivyo vinne vya shaba vyenye ukubwa wa punje.

Kwenye povu, sevo huwa imezamishwa kwa gundi ya moto. Kuing'oa kwa nguvu huondoka na bonge la bawa. Spiriti ya asilimia kubwa ikidondoshwa pembeni ya gundi huiachisha, na baada ya dakika chache gundi hubanduka kama ganda la yai. Sevo mpya ikifungwa utepe au ikivishwa mpira unaonywea kwa joto kabla ya kugundishwa, siku ya kuitoa tena itatoka uchi na ganda litabaki.

Waya wa bawani una hila yake, na ni hila ya mshona nguo. Kabla ya kuuvuta wa zamani, ncha yake hufungwa uzi imara. Waya ukitoka, uzi unabaki umelala ndani ya bawa lote, tayari kuuvuta waya mpya. Asiyefanya hivyo hushinda mchana mzima akitikisa bawa na kuchokoa kwa spoku ya baiskeli.

Halafu katikati. Sevo mpya huchomekwa na kuwashwa kwanza, vijiti vya rimoti vikiwa katikati na marekebisho yote yakiwa sifuri, ndipo mkono unavishwa, ukiwa mraba na kijiti. Hapo ndipo meno ya shafti huanza kukataa. Futaba wana meno 25, Hitec wengi 24, JR 23, na mkono wa mmoja hauingii vyema kwa mwenzake. Ukilazimishwa utaonekana umeshika, kisha utateleza angani. Kwa meno 25, jino moja ni nyuzi 14.4, pengo kubwa kwa anayetaka mraba kamili. Lakini 25 haigawanyiki kwa nne. Mkono wenye ncha nne ukivishwa, kila ncha huangukia mahali tofauti kidogo na mwenzake, kwa tofauti ya nyuzi 3.6, hivyo fundi hujaribu ncha zote, huchagua iliyo karibu na mraba, na kuzikata tatu zilizobaki. Kwa meno 24 hila hiyo haipo: ncha zote nne husema jambo lilelile, na kilichobaki kinarekebishwa kwenye rimoti. Skrubu ya juu ya mkono isisahaulike. Gundi ya kuzuia skrubu kulegea inafaa kwenye chuma kwa chuma tu. Ikigusa plastiki za aina fulani huipasua.

Ndege yenye sevo mpya ni ndege mpya kidogo. Kasi imebadilika, katikati imebadilika, pengine hata upande wa kuzunguka. Eleroni iliyogeuka ni kosa ambalo limeangusha ndege zilizokuwa nzima kabisa sekunde tano kabla: rubani anasukuma kulia, ndege inalala kushoto, anasukuma kulia zaidi. Kutazama kwamba kibao "kinasogea" hakutoshi. Jicho lazima liulize kinasogea kwenda wapi, rubani akiwa amesimama nyuma ya ndege na si mbele yake.

Wanaorusha ndege kwa riziki wameliondoa swali hilo kwenye jicho la mtu aliyechoka. Huko Muhanga, Rwanda, ambako kampuni ya Zipline ilianza mwaka 2016 kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani, mfanyakazi huielekeza simu kwenye ndege iliyo tayari kurushwa, vibao vinachezeshwa, na programu ya simu huhakiki kwamba kila kimoja kimekwenda kinakopaswa. Mrushaji wa Jumapili hana programu hiyo. Ana mwenzake, ambaye hushika rimoti huku yeye akitaja kwa sauti anachokiona: eleroni ya kulia juu, ya kushoto chini.

Kuna mahali ambapo kubadilisha sevo moja ni kosa. Pale sevo mbili zinaposhiriki kibao kimoja, au nusu mbili za eleveta, moja ikiwa mpya na nyingine ya zamani hazitafika pamoja. Moja itasukuma huku nyingine ikivuta, zote zitapata joto, na ile mpya itazeeka kwa kasi ya mwenzake. Zinunuliwe mbili. Na anayehama kutoka sevo za kawaida kwenda za kidijitali aangalie kwanza chanzo chake cha umeme. Sevo nne za kidijitali zikifanya kazi kwa pamoja hudai ampia nyingi kwa ghafla, na volti ikishuka kupita kiasi risiva huzimika na kujiwasha upya. Chini ni tukio la sekunde moja. Hewani, sekunde hiyo ndege haina mwenyewe.

Sevo za zamani huishia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza. Baada ya mwaka mmoja kopo huwa na akiba: moja imekatika meno lakini mota yake ni nzima, nyingine imeungua bodi lakini gia zake ni kamili, ya tatu ina waya uliokatika tu. Zikiwa za aina moja, jioni moja ya mvua hutoa sevo nzima kutoka kwenye tatu. Fundi makini huiandika kwa kalamu ya wino juu ya kijisanduku, huipa kazi ya kufungua koo la injini kwenye ndege ya kujifunzia, na haikaribishi kwenye eleveta.